Fundi Saa na Darubini ya Shule

Shuleni, Jumatatu 16 Juni

Dada,

Shikamoo. Najua utasema mdogo wako hukumbuka kalamu akibanwa tu, na safari hii pia hujakosea. Nimebanwa.

Wiki iliyopita mwanafunzi wa zamani wa hapa, siku hizi ni daktari wa meno, aliiletea shule zawadi ya darubini. Si zile za kuning'iniza shingoni. Ni ya nyota, bomba jeupe refu kama mkono wangu, na miguu yake mitatu. Mkuu wa shule aliliweka boksi juu ya meza katika chumba cha walimu akauliza, "Nani anaijua hii?" Kila mtu akaanza kusahihisha madaftari. Unaujua mdomo wangu. Nikasema, "Mimi nilipata mafunzo chuoni." Mafunzo yenyewe, Dada, ni mchoro mmoja ubaoni, na siku hiyo nilikaa nyuma ya mtu mrefu.

Sasa naitwa Mwalimu wa Darubini. Wasichana wa kidato cha pili wananisimamisha njiani kuniuliza lini wataiona Zohali na pete zake. Nimewaahidi kwamba wataiona mwaka huu. Mkuu naye amenikumbusha, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko kelele, kwamba bado niko kwenye mwaka wa majaribio na hii ni nafasi nzuri ya kuonyesha nilichonacho.

Jana baada ya magharibi niliitoa uani, nyuma ya nyumba za walimu. Kuna vijilenzi vitatu vya kuwekea jicho, vimeandikwa 25, 10 na 4, na vikorokoro vingine sijavifungua. Karatasi ya boksi inasema cha 4 ndicho kinachokuza kuliko vyote, nikachukua hicho hicho. Nikaielekeza kwenye nyota moja angavu, nikaona giza. Nikasogeza kidogo, nikaona giza jingine. Niliinama pale kama mtu aliyedondosha sindano, mpaka mwalimu wa jirani akaja kuniuliza kama mgongo unaniuma.

Wewe unashinda na lenzi kutwa nzima, na niliwahi kukuona umeifungua mezani darubini ya yule mteja wako wa idara ya hali ya hewa. Nifundishe kabla sijaumbuka.

Mdogo wako,
Kitinda


Dukani, Jumatano 25 Juni

Kitinda,

Marahaba. Uongo umeshausema, na kuurudisha mdomoni huwezi. Kilichobaki ni kuugeuza uwe kweli kabla haujajulikana. Inawezekana. Ni kazi tu.

Yule mteja wa hali ya hewa ameniazima kitabu chake cha darubini, na ninakusoma wewe mkono huu na kitabu mkono huu. Sikiliza. Kwenye hivyo vijilenzi, namba ndogo ndiyo inayokuza zaidi. Tazama kwenye bomba lako, karibu na kifundo cha kufokasi, kile unachozungusha mpaka picha iwe safi, utaona namba nyingine kubwa, pengine 700. Igawe kwa namba ya kijilenzi. Mia saba kwa ishirini na tano, unakuza mara ishirini na nane. Kwa kumi, mara sabini. Kwa nne, mara mia na sabini na tano, na hapo bomba lako limezidiwa. Kioo cha mbele kina upana wa milimita ngapi? Kama ni sabini, basi zidisha kwa mbili: mia na arobaini ndio mwisho wake. Ukipita hapo unakuza ukungu.

Sisi mafundi saa tuna vioo vya jicho vya kila nguvu. Mwanagenzi siku ya kwanza hukimbilia kile chenye nguvu kuliko vyote. Anaona jino moja la gurudumu, kubwa kama jengo, na hajui liko upande gani wa saa. Anza na 25. Kila siku anza na 25. Ukishakipata kitu, kiweke katikati, ndipo ubadilishe.

Tena usianze usiku. Anza mchana, jua likiwa mgongoni kwako. Tafuta kitu kilicho mbali, tangi la maji au nguzo ya simu, kiweke katikati ya darubini kubwa, halafu kaza zile skrubu za kidarubini kidogo kilichopanda juu ya bomba mpaka nacho kielekee hapo hapo. Hivyo viwili visipokubaliana utapapasa giza mpaka uzeeke. Usishangae kama tangi litakuwa limegeuka.

Nina ombi dogo. Niandikie jinsi unavyowafundisha wanafunzi wako kutafuta mahali picha inapotokea kwenye lenzi mbinuko. Hatua kwa hatua, na mchoro.

Dada yako


Shuleni, Ijumaa 4 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimeuona mwezi.

Nilifanya ulivyosema, bila kuruka hatua. Namba ya bomba ni 700 kweli, na kioo cha mbele ni sabini. Mchana nilikamata tangi la maji la ng'ambo ya bonde, limepinduka kweli, nikasoma hata namba iliyopakwa ubavuni. Jioni mwezi ulipotoka, mwembamba, nikaweka kijilenzi cha 25 na ukaingia wote kwenye duara, na bado ukabakiwa na nafasi. Pale ambapo mwanga unakutana na kivuli kuna mashimo, Dada, na kila shimo lina ukingo wake na kivuli chake. Kwa macho matupu unaona sahani. Kwa hii unaona ardhi. Nilimwita mwalimu wa jirani. Alitazama, akaenda kumwamsha mumewe.

Cha 10 kinafaa lakini miguu mitatu inatetemeka. Nikigusa kifundo tu, mwezi unacheza ngoma. Cha 4 nimekirudisha kwenye boksi.

Nina swali la ununuzi. Daktari wa meno ameuliza kama tunahitaji kuongezewa kitu. Kuna orodha ya bidhaa imekuja: seti nzima ya vijilenzi vinane kwenye sanduku linalong'aa, au kimoja kimoja. Mimi moyo wangu uko kwenye sanduku.

Hilo la lenzi mbinuko sikulielewa. Mambo hayo yako kwenye kitabu chochote cha kidato cha tatu. Kama unanipima ili ujue mdogo wako anaweza kazi yake, sema wazi. Nilishakiri kwamba darubini siijui, fizikia naijua.

Kitinda


Dukani, Jumatatu 14 Julai

Kitinda,

Marahaba. Sikuwa nakupima. Tuyaache hayo.

Miguu kutetemeka: funga mfuko wa mawe katikati, uning'inie chini ya kile kisahani kinachoiunganisha miguu, na usiirefushe miguu mpaka mwisho. Mtazamaji akae kwenye kiti. Ukigusa, ondoa mkono, hesabu mpaka tano, ndipo utazame.

Sanduku linalong'aa achana nalo. Nimezifungua seti za namna hiyo za bisibisi. Nane ndani, mbili zinafanya kazi. Kwa bomba lako unachopungukiwa ni kitu kimoja cha katikati ya 25 na 10, au karibu na kumi lakini kilicho bora. Kabla hujachagua, hesabu wasichana wanaovaa miwani. Vijilenzi vinavyokuza sana, vile vya bei ya boksi, vina tundu dogo kama la kitufe cha shati, na jicho lazima lifike karibu kugusa kioo. Mwenye miwani haoni kitu. Atasema ameona, kwa sababu nyuma yake kuna foleni.

Nijibu idadi.

Dada yako


Shuleni, Jumatatu 4 Agosti

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Mambo yamenigeuka.

Uzio wa nyuma ya mabweni ulianguka na mvua, kwa hiyo Mkuu amepiga marufuku msichana yeyote kutoka nje baada ya chakula cha jioni. Namwelewa. Lakini nyota nazo hazitoki mchana. Wasichana wameacha kuniuliza, na hilo ndilo linaloniuma. Yupo mmoja tunamwita Mama Maswali, huyo sasa akiniona anaamkia tu na kupita.

Halafu mkaguzi wa elimu anakuja Ijumaa ya tarehe 15. Mkuu anataka darubini ioneshwe. Nimekuna kichwa siku tatu, na jawabu nimelipata ndani ya boksi lenyewe, kwenye vile vikorokoro ambavyo sikuwa nimevifungua. Kuna kijikioo cheusi kabisa kinachozungushwa kwenye kijilenzi, na kimeandikwa kuwa ni cha kutazamia jua. Kumbe suluhisho nililikalia. Saa sita mchana, uwanja wa mbele, shule nzima kwa foleni, kila msichana ataliona jua na madoa yake. Sijakijaribu bado, kwa sababu mawingu yametanda wiki nzima, lakini kimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Wenye miwani ni kumi na wanne katika arobaini wa darasa langu.

Niombee mawingu yaondoke.

Kitinda


Getini, Ijumaa 15 Agosti, saa tano na robo

Kitinda,

Barua yako ya jua nimeipata jana jioni. Nimepiga simu ya ofisi ya shule mara nne leo alfajiri, ikaita mpaka ikachoka, nikapanda basi. Sasa niko getini kwenu na mlinzi ameagizwa asiingize mgeni kwa sababu ya mkaguzi. Amekubali kukuletea karatasi hii. Ni mtu mwema, usimgombeze.

Mtu yeyote asiweke jicho kwenye hiyo darubini. Hata wewe.

Kile kijikioo kinakaa mahali ambapo kioo cha mbele kimelikusanya jua lote. Kinapata moto kwa dakika chache na kupasuka, na kikipasuka jicho liko pale pale. Kitabu kinasema kitupwe siku ya kwanza. Mimi nilipaswa kukuuliza vikorokoro ni vipi na sikuuliza.

Nina mteja aliyechomwa na jua kwa namna hiyo ujana wake. Alikuja kwangu kutaka saa yenye uso mkubwa. Ananitazama kwa pembeni, kama kuku, kwa sababu katikati ya jicho la kulia hamna tena kitu. Aliniambia hakusikia maumivu yoyote siku ile.

Simamisha. Waambie lolote utakalo, lakini simamisha.

Dada yako


Shuleni, Jumamosi 16 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia kwa hasira na shukrani, na sijui ipi itatangulia.

Mlinzi alinifikia saa sita kasoro dakika kumi. Jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu moja. Bomba nilikuwa nimeshalielekeza kwa kufuata kivuli chake, kijikioo kiko mahali pake, foleni imefika mpaka kwenye bendera. Mkaguzi na Mkuu wamekaa kwenye viti. Wa kwanza alikuwa Mama Maswali, na alikuwa ameshaanza kuinama. Nilisoma mstari wako mmoja tu, nikamshika bega nikamvuta. Nilimvuta vibaya, akaanguka chini.

Nikasema darasa limeahirishwa. Mkuu akauliza kwa nini. Nikasema kioo si salama. Mkaguzi akauliza, "Umejuaje sasa hivi, mwalimu, na ulipata mafunzo?" Mbele ya wasichana mia tatu. Nikamwambia, "Sikupata mafunzo. Nilisema uongo. Ninafundishwa kwa barua na dada yangu, fundi saa, na karatasi hii imetoka kwake." Akaichukua, akaisoma, akasema, "Karatasi ya getini si ushahidi."

Basi nikawarudisha wasichana wote nyuma ya mstari wa mawe, nikaziba kile kidarubini kidogo kwa kifuniko, nikaiacha darubini ilitazame jua peke yake. Nikaangalia saa uliyonipa. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, wasichana wakaanza kunong'ona. Nilikuwa natamani kipasuke, Dada, na natamani kisipasuke. Dakika ya nne ikiwa inaingia tulisikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti. Nikaligeuza bomba, nikakitoa kwa kitambaa. Kimepasuka katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilimpa mkaguzi kingali na moto na akakidondosha. Mama Maswali alikitazama pale chini, akaweka kiganja juu ya jicho lake, akakiacha hapo muda mrefu.

Nilikaa ofisini kwa Mkuu mpaka saa tisa. Nimepewa barua ya onyo kwa kusema uongo, na naistahili. Darubini imefungiwa stoo.

Nilipotoka nilikimbia getini. Mlinzi akaniambia umeondoka na basi la saa nane. Ulisafiri kwa muda wa saa sita, ukakaa juani, ukaondoka bila hata kuniona. Kama umenikasirikia kiasi hicho, ungengoja uniambie usoni. Ningekubali. Lakini kuniacha hivi, baada ya siku kama ile, sikukuelewa na bado sikuelewi.

Kitinda


Dukani, Jumapili 24 Agosti

Kitinda,

Marahaba. Sikukukasirikia. Mlinzi alirudi akaniambia kwamba foleni imevunjwa na hakuna aliyetazama. Nikakaa chini pale pale kwenye kibao chake. Nilitaka kukungoja. Ila basi la saa nane ndilo lililokuwa la mwisho, na Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa na mtihani.

Naona umesimama kusoma. Rudia: nilikuwa na mtihani.

Tangu Januari nasoma jioni, siku tatu kwa wiki, nikishafunga duka. Darasa la watu wazima, kwenye shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Novemba nakaa mtihani wa kidato cha nne. Ule wa Jumamosi ulikuwa wa majaribio, na asiyeufanya jina lake haliendelei.

Unajua niliishia kidato cha pili baba alipofariki. Wewe ulikuwa na miaka minne. Nilikwenda kwa mjomba kujifunza saa, na kazi hiyo naipenda, sikuwahi kulia juu yake. Lakini kila mteja akiniuliza "ulisoma wapi ufundi huu" nageuza maneno, namwuliza saa yake ina shida gani. Mwaka jana ulinitembelea na rafiki zako walimu, mkawa mnaongea, na mmoja akaniuliza swali, ukanijibia wewe: "Dada mambo hayo hakuyasoma." Hukusema kwa ubaya. Ulikuwa unanikinga. Nilichemsha chai, nikawaza, basi nitayasoma.

Sikukuambia kwa sababu nikishindwa nilitaka nishindwe kimya kimya. Ndiyo maana nilikuomba lile la lenzi mbinuko. Mwalimu wetu wa fizikia ni kijana mzuri lakini anakimbia kama anayefukuzwa, na ubao anaufuta kabla sijaelewa. Nikajua yupo mtu mmoja anayeweza kunieleza taratibu.

Kuhusu barua ya onyo: iweke, usiichane. Kuhusu stoo: stoo ina mlango, na mlango una ufunguo. Ongea na mwenye ufunguo.

Dada yako


Shuleni, Jumatano 3 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimeisoma tena. Siku ile ya chai naikumbuka. Sina la kujitetea. Nisamehe kwa hilo, na nisamehe kwa "unanipima". Ulinyoosha mkono nikaupiga.

Kwenye bahasha hii kuna kurasa kumi na moja. Lenzi mbinuko, lenzi mbonyeo, kioo, michoro yote nimeichora kwa rula, na maswali ishirini mwishoni. Fanya kumi, nitumie, nitasahihisha. Usiangalie majibu kwa mwalimu wenu anayekimbia. Kila wiki nitakutumia mada moja mpaka Novemba. Mwanafunzi wangu hafeli lenzi, na wewe sasa ni mwanafunzi wangu, na nje ya hizo kurasa bado ni dada yangu na shikamoo yako iko pale pale.

Nimeongea na mwenye ufunguo. Mkuu aliniacha nimesimama akimaliza kusaini karatasi, halafu akasema, "Mwalimu, tatizo langu halikuwa nyota. Ni uzio. Niletee uzio, nami nitakuletea ufunguo." Nadhani alisema ili niondoke. Nimewauliza wasichana nani yuko tayari kuchimba mashimo ya nguzo siku za Jumamosi. Mashimo yanayotakiwa ni thelathini na moja. Mikono iliyoinuka ilikuwa hamsini na kitu, na wa mbele kabisa Mama Maswali, ambaye anadai nilipomvuta nilimvunjia kifungo cha shati na nimlipe Zohali.

Daktari wa meno nimemjibu kwamba hatutaki sanduku. Tunataka kijilenzi kimoja, chenye tundu pana, ambacho mwenye miwani hahitaji kuivua. Nichagulie namba, na ukikague wewe mwenyewe kabla hakijafungwa.

Kitinda


Dukani, Jumamosi 27 Septemba

Mwalimu,

Nimefanya maswali yote ishirini. La saba na la kumi na sita nimeyafuta mara tatu, usinionee huruma.

Kijilenzi hiki hapa, kimefungwa kwenye pamba. Ni cha 12. Kwa bomba lako ni mara hamsini na nane: pete za Zohali zinatosha kutengana na tufe lake, na picha haijaanza kufifia. Nilivijaribu vinne pale dukani kwa muuzaji, kwenye darubini yake. Nilivaa miwani ya mwenye duka mwenyewe, nzito kama chini ya chupa, nikatazama tangazo la ng'ambo ya barabara. Kwa vitatu niliona ukingo mweusi unaingia na kutoka. Kwa hiki niliona herufi zote mpaka pembeni. Mwenye duka alikuwa hana miwani kwa robo saa na alianza kumwuzia mtu kitu ambacho hakukiomba.

Kioo usikifute na gauni. Kipulize. Kikikataa, pamba safi, taratibu, kutoka katikati kwenda nje.

Mashimo yamefika mangapi?

Dada yako


Shuleni, Jumapili 19 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Maswali kumi na nane sahihi katika ishirini. La saba ulipatia, ukafuta ukakosea. Amini jibu lako la kwanza.

Thelathini na moja, yote. Ardhi ya upande wa jikoni ni mwamba mtupu. Shimo moja lilitugharimu Jumamosi mbili na vipini vitatu vya majembe. Mlinzi wako yule alitufundisha kukaza waya. Nguzo ya mwisho tuliisimika Alhamisi. Mkuu alitembea uzio mzima kwa miguu, akisukuma kila nguzo kwa kiganja. Hakuna iliyotikisika. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa ufunguo, akasema, "Saa moja mpaka saa mbili na nusu. Si dakika zaidi."

Jana ilikuwa Jumamosi, hakuna mwezi, anga imefunguka. Nilianza na 25. Mfuko wa mawe uko mahali pake, kiti kiko mahali pake. Niliipata Zohali upande wa mashariki, kipunje cha manjano chenye kitu kama masikio mawili. Nikaiweka katikati. Nikabadilisha kwa 12, nikafokasi, nikaondoa mkono, nikahesabu mpaka tano.

Ipo, Dada. Pete ipo kweli, na kati yake na tufe kuna uwazi mweusi unaoonekana.

Mama Maswali alikaa wa kwanza. Tulimngoja. Yeye ambaye hawezi kula bila kuuliza chakula kimetoka wapi alikishika kiti kwa mikono miwili, asiiguse darubini. Alipoinuka alienda mwisho wa foleni akajipanga upya. Wenye miwani kumi na wanne wote walitazama na miwani yao usoni, na kila mmoja nilimwambia anichoree alichokiona kwenye karatasi, kwa sababu yale maneno yako ya foleni sikuyasahau. Michoro yote kumi na minne ina pete.

Mkuu alikuja saa mbili na robo, nikadhani ametufuata na saa. Alikaa kitini bila kuomba. Alitazama muda mrefu. Halafu akasema, akiwa bado ameinama, "Mwandikie dada yako kwamba tarehe yoyote atakayokuja, mlinzi atakuwa na jina lake." Saa tatu kasoro robo bado tulikuwa nje, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anapanga foleni.

Mtihani wako wiki tatu zijazo. Ninakuja. Nimeshaomba ruhusa ya siku ya fizikia, nitakaa nje kwenye kiwanja cha hiyo shule ya nyuma ya soko mpaka utoke. Usinikataze, sitasikia.

Kitinda


Dukani, Jumatano 3 Desemba

Kitinda,

Nimefika salama kutoka kwenu, na mlinzi alinibebea mfuko mpaka kwenye basi, mtu yule yule aliyenizuia Agosti.

Kuna jambo sikulisema Jumamosi pale uwanjani, kwa kuwa wasichana walikuwa wamesimama nyuma yangu na wewe ulikuwa umenitambulisha kama mwalimu wako. Nalisema sasa. Ile darubini ya mteja wangu niliifungua mezani mchana, nikaikaza kifundo, nikaifunga, na jioni yake akaichukua. Sijawahi kuiweka jichoni kutazama mbinguni. Hiyo wala nyingine. Yote niliyokufundisha niliyatoa kitabuni na kwenye vidole vyangu. Jumamosi ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Uliniuliza mbona nimekaa muda mrefu, na mbona sikugusa kifundo kuifuata Zohali ilipokuwa inasogea. Wasichana walidhani sijui kuisogeza. Nilikuwa najua. Niliiona iko katikati, ndogo, safi, kitu ambacho ningeweza kukishika kwa kibano changu cha saa. Halafu ikaanza kuondoka yenyewe, bila mtikisiko, kuelekea ukingoni. Nikakumbuka kwamba anayeondoka si yeye, ni sisi. Ni dunia ndiyo inayozunguka na kiti changu juu yake. Mkono wangu wa kushoto ukashika kifundo cha mkono wa kulia kutafuta saa, na nilikuwa nimeiacha chumbani. Nikahesabu kichwani. Kutoka katikati mpaka kupotea, dakika moja na sekunde arobaini. Haikuharakisha wala haikuchelewa. Miaka ishirini na nne nakaza na kulegeza saa za watu ili ziende sawasawa na kitu fulani, na Jumamosi ndipo nilipokiona chenyewe kikienda.

Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na mwalimu wa mwalimu halii mbele ya darasa.

Matokeo ya mtihani yanatoka baada ya mwaka mpya. Fizikia sina wasiwasi nayo. Historia ndiyo naiogopa, kuna vita viwili nadhani nimevichanganya. Yakija mabaya nitarudia Novemba, na nimeshamwambia mwalimu wetu asimpe mtu kiti changu. Yakija mazuri nitaendelea kidato cha tano, na kiti nitakihitaji vile vile.

Leo dukani nimeletewa saa ya ukutani inayochelewa dakika nane kwa siku. Naianza sasa hivi.

Dada yako